Shajara ya mradi: viumbe wa mjini kwenye njia moja

2 Machi

Mradi unaanza kwa uamuzi mmoja: njia moja tu. Inaanzia kwenye mtaro wa maji ya mvua, inafuata ukuta mrefu uliofunikwa na mimea inayotambaa, inakatiza kiwanja kitupu kilichoota magugu, na inaishia chini ya nguzo ya taa kwenye maegesho ya magari. Mwenye haraka anaimaliza kwa dakika chache. Mimi nitaitembea taratibu, asubuhi, adhuhuri na usiku, na kuandika kila kiumbe kisichofugwa: wadudu kwanza, kisha buibui, mijusi, ndege na popo.

Sikuchagua mji mzima kwa sababu orodha inayookotwa huku na huko haina cha kulinganishwa nacho. Vipepeo wakionekana wengi zaidi mwezi ujao, nataka kuwa na hakika kwamba wao ndio walioongezeka, si mimi niliyehamia kwenye maua mengi. Kwa hiyo kila matembezi yanaandikiwa saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jua au mawingu, upepo au utulivu. Nisipoona kitu, hilo nalo linaandikwa. Siku tupu ni taarifa kamili, na huwa nasikitika kuona watu wakizitupa.

Kanuni ya pili: jina liishie pale ushahidi unapoishia. Picha ikionyesha nzi tu, naandika nzi. Spishi za wadudu zilizokwisha kuelezwa kisayansi ni kiasi cha milioni moja, na mbawakawa peke yao wanakaribia 400,000. Katika wingi huo, jina la familia lenye uhakika lina thamani kuliko jina la spishi lililobahatishwa.

6 Machi

Siku ya kupanga picha. Kinachomtambulisha mdudu mara nyingi hakionekani kwenye picha nzuri ya kutundika ukutani. Nimejiwekea utaratibu: picha ya kwanza kutoka mbali, haraka, kabla hajaruka, ya pili kutoka juu, ya tatu kutoka ubavuni, ya nne uso, ya mwisho mmea au mahali alipokuwa ametua. Ile ya mmea ndiyo watu wanayoisahau zaidi, na kwa viwavi ndiyo yenye msaada mkubwa, kwa maana spishi nyingi za viwavi hula mimea ya aina chache tu.

Maswali ninayojiuliza kabla ya kufungua kitabu au programu yoyote ni haya haya kila mara. Miguu ni sita au minane? Ana jozi ngapi za mabawa? Vipapasio virefu au vifupi, na ncha zake zikoje? Akitua, mabawa anayaweka wapi? Maswali hayo peke yake yanafika mbali. Panzi mwenye vipapasio vifupi na vinene ni wa kundi moja, na yule ambaye vipapasio vyake ni vyembamba na virefu kupita mwili yuko upande wa nyenje. Kipepeo ana kirungu kidogo kwenye ncha ya kipapasio. Nondo wengi wana kipapasio kama uzi, au chenye matawi kama unyoya. Kereng'ende mnene hutua mabawa yakiwa yametandazwa, na yule mwembamba huyakunja mgongoni, ingawa wapo wembamba wachache wanaoyaacha wazi.

9 Machi

Mtaro. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Juu ya maua ya magugu yaliyo ukingoni kulikuwa na mdudu wa kahawia, mwenye mistari ya rangi ya chungwa tumboni, akihama ua hadi ua kama nyuki anayejua kazi yake. Watu wawili walipita wakamkwepa. Nilimsogelea polepole, nikapata ninachokitaka: macho makubwa yaliyojaza karibu kichwa chote, vipapasio vifupi mno, na jozi moja tu ya mabawa. Nyuki ana jozi mbili. Nzi, pale ambapo mabawa ya nyuma yangekuwa, ana vijiti viwili vidogo vyenye vichwa, vinavyomsaidia kujua mwili wake umeinama upande gani anaporuka. Huyu ni nzi, na hana mwiba wa kumchomea mtu.

Ni wa familia ya Syrphidae, nzi wa maua. Picha ya bawa ilitosha kuonyesha mshipa mmoja unaopinda kwenda chini kama kitanzi kisha kupanda tena. Ile ya uso ilionyesha vinyweleo vya giza vilivyojipanga kwenye jicho katika mistari miwili ya wima. Alama hizo mbili kwa pamoja zinamleta kwenye Eristalis tenax, mmoja wa nzi walioenea duniani karibu kila bara. Sura yake ni ya nyuki dume wa asali, na ndege aliyewahi kuchomwa na nyuki ana sababu ya kumwacha.

Nilipojua jina nilirudi kwenye mtaro wenyewe na kutazama maji yaliyotuama kwenye kona yenye majani yaliyooza. Buu wake anaishi humo. Maji ya namna hiyo hayana hewa ya kutosha kwa viumbe wengi, lakini buu huyu ana mrija mkiani unaorefuka kama mkonga, anaunyoosha hadi juu ya maji na kupumulia huko huku mwili ukiwa chini kwenye tope. Walikuwepo. Mirija midogo ilikuwa inagusa uso wa maji kutokea chini. Kona moja chafu ya mtaro, ambayo kila mtu anaiona ni aibu ya mtaa, ndiyo inayolea mdudu anayechavusha maua hatua chache juu yake. Nimeandika kona hiyo kwenye ramani ya mradi kama kituo cha kudumu.

13 Machi

Ukutani. Sisimizi mmoja aliyekuwa akitembea peke yake alifika ukingoni mwa jani, akashuka kwa uzi.

Sisimizi hana uzi wa kushukia. Nilimngoja atulie. Miguu minane: jozi ya mbele alikuwa ameinua na kuipepea mbele ya kichwa, mahali ambapo vipapasio vingekuwa. Kiuno kimebanwa. Mwili unaonekana umegawanyika mara tatu, ijapokuwa buibui ana sehemu mbili tu. Usoni, macho mawili makubwa yaliyotazama mbele kama taa za gari, na mengine madogo pembeni. Macho hayo yanamweka katika Salticidae, buibui warukao, familia yenye spishi zaidi ya 6,000. Umbo la sisimizi linanielekeza kwenye jenasi ya Myrmarachne au jamaa zake, na hapo ndipo nimeishia. Kwenda mbele kunahitaji hadubini na mtu aliyezoea kundi hili.

Faida anayoipata ni kubwa. Wawindaji wengi humwepuka sisimizi kwa kuwa anauma, ana tindikali, na nyuma yake kuna ndugu mia. Buibui huyu ameazima sifa hiyo yote bila kuishi ndani ya kichuguu. Tangu leo kila sisimizi anayetembea peke yake kwa kusitasita ananifanya nisimame.

19 Machi

Mvua kutwa. Konokono, jongoo, tandu mmoja chini ya jiwe. Jongoo ana jozi mbili za miguu katika pingili nyingi za mwili, tandu ana jozi moja kwa kila pingili, na tandu anauma. Jiwe limerudishwa kama lilivyokuwa, taratibu. Anayegeuza jiwe na kuliacha wazi amebomoa nyumba.

24 Machi

Sasa mahali pa kuhifadhia taarifa. Daftari linabaki kuwa shina la mradi, lakini picha zinakwenda pia iNaturalist, jukwaa la mtandaoni ambapo watu hupakia picha za viumbe na kusaidiana kuwatambua, lililoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ninachokithamini ni mpangilio wake wa kukubaliana. Taarifa yenye tarehe, mahali na picha au sauti, ya kiumbe asiyefugwa, inapanda kufikia kiwango cha utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa utambuzi wanapokubaliana juu ya spishi. Zikiwa na leseni inayoruhusu, taarifa hizo huingia katika GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe ambayo ofisi yake iko Copenhagen, na watafiti wa popote wanaweza kuzitumia. Nzi wa mtaro wetu anaweza kuwa nukta kwenye ramani ya mtu nisiyemjua kabisa.

Programu hukisia jina yenyewe mara tu picha inapoingia. Mimi hulichukua kisio hilo kama ushauri wa mpita njia mwenye macho mazuri: linasaidia kuelekeza, halitoshi kuandika. Kompyuta imefundishwa kwa picha zilizopo, na viumbe waliopigwa picha sana ndio inaowaona kila mahali. Nikikubali kila kinachopendekezwa, nitaongeza tu wingi wa walio wengi, na wale adimu wataendelea kujificha chini ya majina ya wengine.

Jambo la kuangalia: namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Kwa spishi zilizo hatarini mfumo huficha mahali halisi ndani ya eneo la nyuzi 0.2 za latitudo kwa 0.2 za longitudo. Mtu anaweza kuficha mwenyewe pia, na anayepiga picha nje ya mlango wake afanye hivyo.

2 Aprili

Kiwanja cha magugu, jua kali. Vipepeo wawili wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi na madoa meupe, wakiruka karibu karibu. Kwa jicho la haraka ni wa aina moja.

Wa kwanza ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo inabaki mwilini hadi ukubwani. Ndege akimla anatapika, na hasahau. Ndiyo maana anaruka taratibu, waziwazi, kama asiye na adui. Bawa lake la nyuma lina madoa meusi kadhaa katikati. Wa pili alipotua nilitafuta hayo madoa, nikapata moja tu, kwenye ukingo wa mbele wa bawa la nyuma. Huyo ni jike wa Hypolimnas misippus, asiye na sumu hiyo, aliyevaa rangi za mwenzake. Dume wake hafanani naye hata kidogo: ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau, na anayewaona kwa mara ya kwanza hawezi kuwadhania kuwa mke na mume.

Uigaji wa namna hii ulielezwa na Henry Walter Bates mwaka 1862, baada ya kukaa miaka 11 katika misitu ya Amazon akikusanya vipepeo. Anayeigwa sharti awe na kinga, na waigaji wasizidi mno, la sivyo ndege watakutana na watamu wengi kiasi cha kuacha kuogopa. Hapo ndipo kuhesabu kunapopata maana. Wote wawili wapo kwenye kiwanja kimoja, naweza kuandika kila matembezi nimeona wangapi wa kila upande, mradi nimeona bawa la nyuma. Wanaopita bila kutua wanaandikwa "chungwa, haijulikani". Safu hiyo ya tatu ndiyo inayozilinda safu mbili nyingine.

Mmea wenye utomvu upo pembeni ya ukuta, shina moja tu. Nilikagua chini ya majani: mayai meupe, moja moja, na kiwavi mmoja mwenye mistari na jozi tatu za vijembe vyeusi mgongoni. Naomba wafyekaji wasifike hapo kabla hajawa bundo.

11 Aprili

Maegesho baada ya mvua. Kereng'ende wa njano ya dhahabu wanazunguka juu ya magari, bila kutua. Mmoja alijining'iniza kwenye kijiti cha nyasi kwa wima, bawa la nyuma likiwa pana sana kwenye shina: Pantala flavescens, msafiri mkubwa kuliko wote katika kundi lake. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldivi, alichapisha hoja kwamba makundi yanayopita visiwani humo kila mwaka yanatoka India na kuivuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki, yakibebwa na pepo za msimu. Kwenda na kurudi, kwa vizazi kadhaa, ni safari ya kilomita 14,000 hadi 18,000. Anaweza kuishi hivyo kwa sababu watoto wake hawahitaji ziwa. Dimbwi la mvua linalodumu wiki chache huwatosha kukua.

Lakini nilichokiona leo kimenihuzunisha. Jike mmoja wa kereng'ende alikuwa akishuka na kugusa paa la gari jeusi kwa ncha ya tumbo, tena na tena, akitaga. Maji yaliyotulia huakisi mwanga ambao mawimbi yake yanatikisika mlalo, na kereng'ende huyatambua maji kwa mwanga huo, si kwa umajimaji wake. Rangi nyeusi iliyong'arishwa huakisi mwanga wa namna ile ile, pengine kwa nguvu kuliko dimbwi lenyewe. Mayai hayo yatakauka juani. Nimeongeza safu kwenye daftari: kereng'ende wanaogusa magari, na rangi ya gari. Magari mekundu nayo yamewahi kuonekana kuwavuta, na hapa yapo ya kulinganisha.

20 Aprili

Usiku, chini ya taa. Kitambaa cheupe kimetundikwa, taa ndogo ya urujuanimno mbele yake. Nondo wa kila ukubwa, mbawakawa, wadudu wadogo wasiohesabika.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba wadudu hufuata taa wakiidhani mwezi. Mwaka 2024 watafiti waliotumia kamera za kasi kubwa walichapisha maelezo yanayonishawishi zaidi: mdudu anayeruka usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani upande huo ndio anga. Taa ikiwa pembeni, mgongo unaielekea, mwili unalala, na mdudu anajikuta akiizunguka bila kuweza kujinasua. Nilipotazama kitambaani nikiwa na jambo hilo akilini, niliona vizuri jinsi wanavyoruka kwa ubavu, na wengine wakipinduka kabisa wanapopita juu ya taa. Ni wanyama waliopoteza juu na chini. Ndiyo maana taa yangu haiwaki usiku kucha. Nikimaliza picha naizima, nakisukuma kitambaa gizani, na kuwaacha waondoke wenyewe kabla ndege wa alfajiri hawajagundua meza iliyoandaliwa.

Kuhusu majina, nondo ni shule ya subira. Wale wenye mwili mnene na mabawa marefu yaliyochongoka ni Sphingidae bila shaka. Wale bapa, waliotandaza mabawa manne ukutani kama karatasi, wengi wao ni Geometridae, ambao viwavi wao hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha. Zaidi ya hapo napunguza mwendo, maana kuna nondo ambao hata mtaalamu hawatenganishi bila kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Sitaua nondo ili nipate jina. Familia inatosha.

Mijusi kafiri walikuwa wamekwisha kuchukua nafasi zao kuzunguka taa ya nguzo. Mmoja aliyepanda kioo cha kibanda cha maegesho alinipa picha ambayo ni ngumu kuipata: nyayo, kutokea chini. Vipande vya kunatia vimegawanyika mara mbili katikati ya kila kidole, alama ya Hemidactylus.

29 Aprili

Jioni, popo na ndege wa angani. Mlinzi wa usiku aliniambia popo hutokea kwenye mwanya chini ya paa, dakika chache tu baada ya giza kuingia, na alikuwa sahihi hata kwenye mpangilio: wanatoka mmoja mmoja, kisha kwa kundi. Yeye huwaona kila siku, na ameanza kuniwekea saa wanazotoka. Milio yao mingi iko juu ya kilohezi 20, mwisho wa usikivu wa binadamu, hivyo bila kinasa sauti maalum naandika "popo wala wadudu" na kuishia hapo.

Kabla yao, waliokuwa wakipasua anga kwa mabawa yenye umbo la mundu ni teleka, si mbayuwayu. Wote hula wadudu hewani, ila mbayuwayu hutua kwenye waya na teleka hawezi. Vidole vyake vimeumbwa kushikilia kuta na miamba. Teleka wa Ulaya, Apus apus, amethibitishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund kuwa anaweza kukaa hewani miezi 10 mfululizo. Ukiona safu ya ndege kwenye waya, hao si teleka.

14 Mei

Kiwanja kimefyekwa nusu. Upande wenye mmea wa utomvu umebaki, kwa kuwa niliwahi kuongea na wafyekaji nikawaonyesha kiwavi. Mmoja wao aliweka vijiti viwili kuzunguka shina. Bundo sasa linaning'inia chini ya jani, rangi ya kijani kibichi. Upande uliofyekwa nimeuacha kwenye njia. Utakuwa kipimo changu: sehemu mbili za kiwanja kimoja, siku moja, mtazamaji yule yule.

Vidukari wamejaa kwenye machipukizi ya upande uliobaki, na mbawakawa wadogo mviringo wenye madoa wamefika kuwala. Idadi ya madoa haiaminiki peke yake, kwa maana ndani ya spishi moja hubadilika sana. Napiga picha ya ngao iliyo nyuma ya kichwa. Harmonia axyridis, aliyetoka Asia na kusambazwa katika mabara mengine kwa ajili ya kudhibiti vidukari, mara nyingi huwa na alama nyeusi kama herufi M hapo, hasa mabawa yake yakiwa ya rangi isiyokolea. Hawa hawana alama hiyo, wala mimi sina bado cha kutosha kuwapa jina. Mabuu yao, ya kijivu na yenye miba laini, yapo pale pale, nayo yanakula vidukari kwa bidii kuliko wazazi.

30 Mei

Daftari limefika mahali pa kusomeka. Mtaro una nzi wa maua karibu kila matembezi ya asubuhi yenye jua, na hakuna hata mmoja kukiwa na upepo mkali. Safu ya "chungwa, haijulikani" ni ndefu kuliko zile mbili zenye majina, na nitaiacha hivyo. Buibui mwigaji wa sisimizi ameonekana tena, upande ule ule wa ukuta unaopata jua la asubuhi. Magari meusi yanaongoza kwa kuguswa na kereng'ende, lakini magari meusi ndiyo mengi hapa. Kabla ya kusema lolote lazima nihesabu pia magari yote yaliyoegeshwa.

Hilo ndilo la kufanya mwezi ujao: hesabu ya magari kwa rangi kila ninapoanza kutazama kereng'ende. Nimeomba pia wenye maegesho waifunike taa ya nguzo kwa juu na pembeni, mwanga uende chini tu. Wakikubali, nahitaji usiku kadhaa wa kuandika kabla ya kifuniko na mwingine kama huo baada yake, bila kitambaa changu, nikihesabu nondo wanaozunguka na mijusi wanaongoja. Fomu ya kuhesabia iko tayari: saa, mawingu, mwezi, upepo, nondo wakubwa, nondo wadogo, mijusi, popo.